Kichwa kwa Mwenyewe

Jumanne, saa saba na robo mchana, samaki wa meza namba nne aligeuka kwenye sahani. Alikuwa amechomwa pande zote mbili, ana kipande cha limau mdomoni, na aligeuka taratibu mpaka kichwa kikaelekea dirishani. Mteja alimrudisha kwa uma. Samaki akageuka tena. Mteja alikuwa mtu na heshima zake, hakutaka ugomvi na chakula, kwa hiyo akahamisha kiti na kumla kutokea upande wa pili.

Kufikia Jumatano walikuwa wanageuka wote, wakubwa kwa wadogo. Pweza peke yao ndio waliotulia, maana pweza hata akiwa hai hajulikani anaelekea wapi.

Habari zikafika jikoni kwa Mama Magamba, aliyekuwa kwenye sinki. Mama huyu alikuwa amepaa samaki kwenye gati lile miaka thelathini na moja, na mkahawa uliojengwa juu yake ulikuwa na miaka miwili tu. Alifuta mikono, akachungulia ukumbini, akaelewa palepale.

"Si samaki hao," alimwambia mpishi. "Ni mbao."

Zamani benchi moja refu la kupaa samaki lilikuwa limelala kutoka mwanzo wa gati mpaka mwisho. Mashua zilifika kwa pamoja, na samaki hufanana kama pacha, kwa hiyo wanawake walimlaza kila samaki kichwa kikimwelekea mvuvi aliyemleta. Utaratibu huo uliitwa kichwa kwa mwenyewe. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kupigana kwa ajili ya samaki. Watu walipigana, ndiyo, lakini kwa mambo ya mpira.

Kisha Bosi, mwenye mkahawa, akaja na kibali na uzio. Wavuvi akawatoa nje ya uzio, kwenye matope, na mashua zao. Benchi alilipenda, akasema wateja wanapenda vitu vyenye historia, akalikatakata likawa meza kumi na nne. Kipande kilichobaki, urefu wa mkono, Mama Magamba alikiomba akaenda nacho nyumbani. Bosi hakuwa mchoyo wa mabaki.

Sasa dirisha lilitazama matopeni, na wavuvi walishinda pale wakisubiri jibu la barua yao ya kudai gati. Wakihamia kivulini, vichwa vya samaki viliwafuata. Saa kumi wakienda kunywa chai, ukumbi mzima wa samaki ulitazama kibanda cha chai.

Bosi aliagiza samaki wanyooshwe.

"Bosi, samaki hukunjwa angali mbichi," mpishi alijibu. "Hawa wameshaiva."

Walijaribu kuwabana kwa vijiti. Samaki wakageuka na vijiti vyao.

Mama Magamba hakucheka sana, kwa sababu Ijumaa kamati ilikuwa inakuja kuamua kama gati lile liliwahi kuwa la wavuvi. Bosi alikuwa ameshatundika kibao mlangoni: hapa ni mahali pa kula tangu enzi za mababu. Wavuvi hawakuwa na hati yoyote, walikuwa na ile barua tu, yenye alama za vidole gumba thelathini na nane, ya kwanza ya mume wa mama huyo. Mashua yake ilikuwa imeanza kupasuka kwa jua. Kamati ikikataa, ingefia palepale matopeni, na mwenyewe angeifuata muda si mrefu. Lakini Alhamisi nzima mama alipaa samaki huku anaimba, maana ushahidi alikuwa nao, tena umekaangwa.

Ijumaa waliketi wajumbe watano, meza namba moja. Mama Magamba aliomba kuwahudumia mwenyewe, na Bosi akakubali, kwa kuwa wahudumu walikuwa wamechoka kufukuzana na sahani. Aliweka samaki watano, vichwa vikiwaelekea wajumbe. Wote wakageukia dirishani. Nje alisimama mumewe peke yake, amevaa shati safi kama walivyopatana. Akatembea kushoto, vichwa vikaenda kushoto. Akarudi kulia, vikarudi.

"Mheshimiwa, mmejionea," mama alimwambia mwenyekiti. "Gati hili lina wenyewe."

Mwenyekiti alikuwa mtu makini. Aliwatazama samaki, akamtazama yule mzee wa nje, kisha akaweka kiganja juu ya meza.

"Meza inayumba," alisema.

Alifungua mkoba, akatoa barua ya wavuvi, akaikunja mara nne na kumpa mhudumu mmoja aisukumie chini ya mguu wa meza. Meza ikatulia. Samaki waliendelea kugeuka, lakini hakuna kilichomwagika. Ripoti ilisema samaki waliiva vizuri, meza imerekebishwa, na wavuvi hawana ushahidi wa maandishi.

Bosi alipanga viti vyote upande mmoja, na wateja wakazoea kula hivyo. Barua iko pale mpaka leo. Meza namba moja ndiyo imara kuliko zote.

Jioni ile Mama Magamba alirudi na samaki mmoja aliyebaki, akamweka juu ya kile kipande cha ubao, ambacho ndicho kilikuwa meza yao. Mumewe alikuwa amekaa mlangoni, hajavua shati safi. Samaki akamgeukia.

"Huyo ametoka kwenye lori la Bosi," mumewe alisema. "Sikumvua mimi."

"Najua."

Mzee akahamia kitandani, samaki akamfuata. Akakalia ndoo, akamfuata. Mwishowe alivuta kigoda akasogea, na machozi yakamtoka, wala hakuyaficha. Mkewe akamsogezea sahani. Walianzia mkiani, wakakiacha kichwa mpaka mwisho.