Chupa ya Mama Mkwe

Wananiita Chiriku kwa sababu nikianza kusema sinyamazi. Na leo ninyamaze ya nini? Magunia kumi na mawili ya mahindi yangu yalikuwa yamepangwa barazani, lori liko nje, na mpishi wa kituo cha watoto yatima amekalia kiti changu kizuri, mikono kifuani. Mwaka jana huyu huyu aliyakataa mahindi yangu. Niliyaanika chini udongoni, yakapata unyevu, yakaota ule ukungu wenye sumu. Watoto sitini wakarudi kwenye mlo mmoja kwa siku. Kwa ajili yangu mimi!

Safari hii nilimsikiliza bwana shamba neno kwa neno. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliyaanika juu ya turubai, nikayageuza kila saa, nikafukuza kuku mpaka sauti ikakauka. Asubuhi hiyo nilikuwa na kiherehere kushinda siku ya harusi yangu.

Bwana shamba akaomba chupa ya kioo na chumvi kavu. Kipimo chenyewe ni rahisi: unatia mahindi na chumvi chupani, unatikisa, unaacha itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana unyevu. Ikianguka chini, yamekauka. Mama mkwe akakimbilia jikoni, akarudi na chupa inayong'aa.

Bwana shamba akatikisa. Tukangoja. Chumvi ikaganda kwenye kioo chote!

"Hayafai," mpishi akasema, akainuka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Dereva akawasha lori.

"Ngoja!" Nikamshika mpishi mkono. "Haiwezekani! Ukiiuma punje hii jino linabaki humo! Mama, chupa hii umeitoa wapi?"

"Nimeiosha sasa hivi," mama mkwe akajibu kwa majivuno. "Ningewapa wageni chupa ya vumbi, mimi sikufunzwa?"

Yarabi! Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, lakini mkwe ni mkwe. "Umefanya vizuri, mama. Hakuna nyingine ambayo hujaiosha?"

"Ipo juu ya kabati, ila ina vumbi. Naona aibu."

"Ilete na vumbi lake!"

Bwana shamba akaipangusa kwa kitambaa kikavu, akajaza, akatikisa tena. Robo saa nzima nikawa nazunguka magunia yangu. Chumvi ikatulia chini yote, kioo kikabaki safi.

"Makavu!" bwana shamba akapiga kelele. Nikaruka, kuku wakatawanyika, dereva akazima lori mwenyewe.

Mpishi hakuruka. Alishika punje kiganjani, akasema taratibu, "Mwaka jana nilirudi mikono mitupu nikawaambia watoto hakuna uji wa asubuhi. Hakuna aliyelia. Walishazoea. Hilo ndilo lililoniuma." Akabonyeza simu yake, akanipa. "Wamekusanyika wananisubiri. Safari hii waambie wewe."

Nikaiweka sikioni. Vijisauti vingi, vyote pamoja: "Haloo! Haloo!" Na mimi, Chiriku mzima, nikakosa neno. Machozi tu.

Mama mkwe akaninyang'anya simu. "Wajukuu zangu! Kesho asubuhi kuna uji! Osheni vikombe," akanitupia jicho, akaangua kicheko, "halafu mvikaushe!"