Usimpe Mtu Nambari Hii

Jumatatu chuo kilipobadilisha mfumo wa wanafunzi, watu walikuwa wamejaa kwenye dirisha letu kabla sijaweka hata mkoba chini. Kampasi yetu ya Kasese ni ndogo. Ofisi ya kompyuta ni chumba kimoja chenye dirisha la kuhudumia, feni inayozunguka ikipenda, na sisi wawili: Omara, mkubwa wangu, na mimi, Nabasa. Omara alizaliwa kambini, baba yake akiwa mwanajeshi kutoka kaskazini, na hata akiomba chumvi mezani husikika kama anatoa amri. Wanafunzi humwita afande, naye huitika.

Mabadiliko yenyewe hayakuwa makubwa. Zamani mwanafunzi aliandika jina na paswadi, akaingia. Sasa, baada ya paswadi, mfumo ulituma nambari ya siri kwenye simu aliyoandikisha siku ya kujiunga na chuo. Alitakiwa kuiandika upesi, kwani ikikaa kidogo tu inakufa na lazima aombe nyingine.

Ujumbe unaobeba nambari hiyo niliuandika mimi. Omara alisema ninaandika vizuri kuliko ninavyozungumza, na hakukosea. Niliuandika kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwa sababu simu nyingi zilizoandikishwa ni za wazazi. Nilimkumbuka shangazi yangu, ambaye mtu alimpigia akijifanya mpwa wake mgonjwa, akamlaghai. Basi nikaandika: "Hii ni nambari ya siri ya chuo. Usimpe mtu nambari hii. Hata akisema ni ndugu yako, hata akisema ametoka chuoni, usimpe."

Omara aliusoma mara mbili. "Mkali," alisema. "Umeandika kama sajenti."

Nilifurahi siku nzima.

Alhamisi alikuja Yayeri. Alikuwa msichana mrefu, mpole, aliyekuwa akimaliza mwaka wa mwisho wa ualimu. Alisubiri mpaka wenzake wote wakaondoka, ndipo akasogea dirishani na kusema kwa sauti ndogo kwamba hajaweza kuingia kwenye mfumo tangu Jumatatu. Siku anajiunga na chuo hakuwa na simu, akaandikisha ya mama yake, ambaye ni mfanyabiashara wa maharage huko Bwera, mpakani na Congo. Na mama hataki kumpa nambari.

"Hataki kwa nini?" nikauliza.

"Anasema mesegi imekataza."

Usajili wa mitihani ulikuwa unafungwa Ijumaa jioni, siku iliyofuata. Asiyejisajili angengoja mwaka mzima. Kubadilisha simu iliyoandikishwa kulihitaji nambari ya siri iliyotumwa kwenye simu hiyo hiyo. Vinginevyo ilikuwa barua kwa makao makuu ya chuo, na makao makuu hujibu siku wanayotaka wao. Zaidi ya hayo, Yayeri alikuwa amejaribu mara nyingi mno hadi mfumo ukamfungia. Ili afunguliwe, mmoja wetu alipaswa kuwa naye anapoingia, na kompyuta ya ofisi.

"Mpigie," Omara akaamuru. "Weka sauti juu, tusikie wote."

Yayeri akapiga. "Mama, ni mimi. Niko ofisi ya kompyuta. Tuongee Kiswahili, hawa wasikie."

Upande wa pili wa simu jogoo aliwika.

"Wewe nani?"

"Yayeri, mama."

"Yayeri gani wa kuniongelea Kiswahili? Mutoto wangu na mimi tunaongea Kikonzo."

Yayeri akageukia Kikonzo mbio mbio, lakini mama alikuwa amekwisha kuingiwa na shaka, akaendelea na Kiswahili chake cha mpakani.

"Ah-ah! Sasa umekumbuka Kikonzo. Wezi beko na akili siku hizi. Sauti iko ya Yayeri, siwezi kukataa. Lakini mesegi inasema, hata akisema ni ndugu. Minaisoma mwenyewe, na miwani."

Omara akainama juu ya simu. "Mama! Hapa ni chuoni! Toa nambari mara moja!"

"Na huyu sasa iko mukubwa ya wezi," mama akasema, kama anayemwonyesha jirani. "Mesegi ilisema mutakuja na jina ya chuo, na kweli mumekuja. Muwache mutoto wangu asome!"

Simu ikakatika. Tulipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Omara aliitazama ile simu kama bunduki iliyogoma. Mimi nilibana midomo nisicheke, kisha nikamwona Yayeri. Alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

"Mama ameshamwambia kila mtu sokoni kwamba mwaka huu namaliza," alisema. "Kila mtu."

Sikuweza tena kucheka.

"Sajenti," Omara akaniambia, bila ukali safari hii, "ujumbe ni wako. Kesho beba kompyuta, uende naye Bwera."

Usiku ule nililala vibaya. Kwenda hakukuniogopesha. Nilichoogopa ni kusimama sokoni nikimweleza mtu mzima, mbele ya watu, jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimemkataza.

Tulifika Bwera Ijumaa mchana. Ilikuwa siku ya soko, na watu kutoka ng'ambo ya mto wa mpakani walikuwa wamevuka na mihogo na vitenge. Bodaboda zilipiga honi hata pasipokuwa na mtu mbele yao. Mama Yayeri alikuwa amekaa nyuma ya magunia matatu yaliyofunguliwa midomo, maharage ya rangi tatu, kopo la kupimia mkononi. Alipomwona binti yake aliliacha kopo lianguke.

Walikumbatiana, wakazungumza Kikonzo kwa muda mrefu. Nilimwona mama akimshika binti kidevu, akimgeuza uso huku na huku kama anayehakikisha. Kisha akanigeukia kwa Kiswahili, akicheka.

"Kumbe jana ilikuwa yeye kweli! Na yule mwanaume mwenye kufoka?"

"Ni mkubwa wangu, mama."

"Umuombe musamaha. Nilimuita mwizi." Akafikiri. "Lakini umuambie apunguze sauti."

Nikafungua kompyuta juu ya gunia la maharage mekundu, nikaiunganisha na simu yangu kupata intaneti, nikamfungulia Yayeri ule mfumo uliokuwa umemkataa. Akaandika paswadi. Simu ya mama ikalia ndani ya kitenge. Akaitoa, akavaa miwani, akasoma polepole huku midomo ikicheza. Kisha akaifunika simu kifuani.

"Mama, soma basi," Yayeri akasema.

"Hapana."

"Mama! Mimi si niko hapa? Unaniona!"

"Minakuona. Mesegi haikusema 'usipomuona'. Imesema usimpe mutu. Tangu Jumatatu mutu anajaribu kuingia mahali yako. Kila mara minafuta, kila mara minafuta. Nimekulindia chuo wiki muzima, sasa niitoe sokoni, mbele ya watu wote hawa?"

"Aliyekuwa anajaribu ni mimi!"

"Sawa. Na kesho akijaribu mwingine?"

Jirani yake, mwanamke aitwaye Shadiah aliyeuza samaki wakavu wa Katunguru, akaingilia. "Ee, Mama Yayeri, mupe tu! Si ulimuzaa mwenyewe?"

"Leo nimupe kwa sababu nilimuzaa, kesho utanipigia wewe, Shadiah, na sauti ya kulia."

"Mimi nitake chuo nifanye nacho nini? Nikauzie walimu samaki?"

Watu wa karibu wakaangua kicheko. Wengine wakasogea kusikiliza. Nilihisi uso unapata moto. Ile nambari ilikuwa imekwisha kufa, na jua lilikuwa limeanza kuelekea upande wa Congo. Yayeri alinitazama. Ilinibidi nizungumze.

"Mama," nikasema, "ujumbe huo niliuandika mimi."

Akashusha miwani. "Wewe?"

"Mimi."

"Ni wewe uliandika, hata akisema ametoka chuoni?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe umetoka wapi?"

"Chuoni."

Shadiah alicheka mpaka akashikilia meza yake ya samaki. Mama Yayeri hakucheka. Alikuwa akinitazama kwa makini, akingoja, kama mtu anayetaka kweli kujua nitasema nini.

Ningeweza kumwambia kwamba maneno yale hayakumhusu yeye, kwamba yalikuwa ya wengine. Pengine angenisikiliza, maana mimi ndiye mwandishi. Lakini hapo angejifunza kutoka kwangu, siku hiyo hiyo, kwamba katazo huwekwa kando ikiwa anayeomba ana sura njema na haraka ya kweli. Shangazi yangu aliibiwa na mtu mwenye haraka kama hiyo. Mama huyu alikuwa ameyashika maneno yangu kwa nguvu kuliko nilivyoyaandika, na alifanya hivyo kwa ajili ya mtoto wake.

"Mama," nikasema, "usinipe. Wala Yayeri usimpe. Uandike wewe mwenyewe."

"Niandike wapi?"

"Hapa kwenye kompyuta. Sisi tutageuka."

Akalipima jambo hilo moyoni. "Hapo sitakuwa nimepa mutu."

"Hutakuwa umempa mtu."

"Basi mulete mashini."

Tukaomba nambari nyingine, lakini haikuja. Tukangoja. Yayeri akaanza kung'ata kucha. Mama akaitazama simu, akasonya. "Imevuka. Hapa kwa maharage saa ingine mutandao iko ya Congo. Twende pale kwa fundi ya viatu, pale iko Uganda."

Tukamwachia Shadiah magunia, tukapanda mpaka kibaraza cha fundi viatu. Pale simu ikarudi kwenye mtandao wa nyumbani. Tukaomba tena, na safari hii ikalia. Mama akakaa kwenye benchi la wateja, akapakata kompyuta kama mtoto mchanga, akajifunika kitenge kichwani pamoja na kioo chote. Mimi na Yayeri tukageukia barabara. Fundi viatu naye akaambiwa ageuke, akageuka na kiatu chake.

Kutoka ndani ya kitenge tulisikia kidole kikigonga, kikatulia, kikagonga.

"Hizi nambari za juu na za pembeni ni moja?"

"Ni moja, mama," nikajibu.

"Tano iko wapi?"

"Katikati, mama."

"Musiangalie!"

"Hatuangalii."

"Umejuaje kama minatafuta tano?"

"Umesema, mama."

"Musahau," akasema.

Yayeri alikuwa amefumba macho, na niliona kwamba anaomba. Kidole kiligonga tena, polepole sana, na mimi nikawa nahesabu moyoni muda uliobaki kabla nambari haijafa.

"Kuko kitu kimefunguka," mama akasema. "Kuko picha ya Yayeri. Amenuna."

Yayeri alipiga ukelele, akachomoa kompyuta kwenye kitenge. Vidole vyake vilikimbia. Alichagua masomo yake moja baada ya jingine, akathibitisha, na maandishi ya kijani yakatokea: umesajiliwa kufanya mtihani. Akaketi kwenye benchi kando ya mama yake, akamlalia begani.

Omara akapiga simu. "Ripoti! Umepata nambari?"

"Sikupata, afande. Hakunipa."

Nilisikia akivuta pumzi. "Na msichana?"

"Amesajiliwa."

"Sasa imekuwaje?"

"Nitakueleza Jumatatu," nikasema. "Mama anasema upunguze sauti."

Kwa kuwa tulikuwa tumeshaingia, nilimshauri Yayeri aandikishe simu yake ndogo aliyonunua mwaka jana, ili asihangaike tena. Mama alijifunika kitenge mara ya pili, na sasa aliandika upesi kidogo. Baadaye simu yake ikalia kwa mara nyingine. Akavaa miwani, akasoma: "Simu hii imeondolewa."

Aliusoma ujumbe ule tena, kana kwamba huenda kuna maneno mengine chini yake.

"Na hii, ni wewe uliandika?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Hiyo imekuja na mfumo wenyewe."

"Ndiyo maana. Haina hata asante."

Akaondoa miwani, akaifunga kwenye ncha ya kitenge, akashuka kurudi kwa wateja wake. Nikamfuata mpaka kwenye magunia. Watu walikuwa bado wamejaa, na Shadiah alikuwa anampimia mtu maharage kwa mkono usiozoea. Nikasimama mbele yao wote, nikamwambia asante kwa niaba ya chuo, kwa sauti iliyosikika.

"Ya nini?" akasema, lakini alikuwa akitabasamu. Akamnyang'anya Shadiah kopo, akamwongezea mteja konzi moja ya bure.