Bi Mtutu na Bunduki Namba Saba

Watu wanaoogopa bunduki hawakumkera Bi Mtutu hata kidogo. Waliomkera ni wale wasioiogopa, na katika ile kampuni ya ulinzi walikuwa wamejaa tele, kuanzia langoni hadi kwenye kiti cha msimamizi. Huyo msimamizi walinzi walimwita Kamanda, ingawa tangu azaliwe hakuwahi kuamuru kitu zaidi ya kikombe cha chai.

Bi Mtutu alikuwa mtunza ghala la silaha. Ghala lenyewe chumba kimoja kisicho na dirisha: mlango wa chuma, meza ndefu, taa moja kali, na kabati lenye bunduki kumi na mbili za mtutu mmoja. Ni zile zinazokunjwa katikati. Unatia risasi moja nyuma ya mtutu, unafunga, unapiga, basi. Risasi zilikaa kwenye sanduku lao ukuta wa pili, na kwa miaka kumi na tisa ufunguo wa sanduku na ufunguo wa kabati hazikuwahi kukaa kwenye pete moja.

Jina la Bi Mtutu alipewa kwa sababu ya mazoea yake. Kila bunduki iliyotoka na kila iliyoingia aliikunja, akaangalia kama ina risasi, akatia kidole kuhakikisha, kisha akainua mtutu kwenye taa na kuchungulia ndani. Alitaka kuona duara la mwanga. Asipoliona, bunduki haitoki, hata aje nani. "Humo kikikwama kitu, risasi haina pa kupita," aliwaambia wageni wa kazi. "Mtutu unapasukia mkononi mwako, halafu vidole vyako tunavizoa na ufagio." Wageni walicheka. Waliocheka sana aliwapa fagio wafagie ghala, wapate mazoezi.

Kamanda yeye alikuja na mafunzo aliyookota kwenye sinema. Aliwafundisha walinzi kufunga bunduki kwa mkono mmoja, kwa kuitikisa tu, mtutu unaruka juu na kugonga. Walinzi wakaona wamekuwa wanaume kweli. Bi Mtutu akaona bawaba tatu zimelegea katika miezi miwili. Alimwendea, akamweleza kwa upole aliouazima sijui wapi, kwamba bunduki hufungwa kwa mikono miwili, mtutu ukitazama chini, unainua kitako taratibu mpaka komeo lishike, na kidole kiko mbali na kifyatulio. Kamanda alimsikiliza huku akichokonoa meno. "Mama, mwizi hatamsubiri mtu anayefunga bunduki kama anafunga kabati la vyombo," alisema.

"Na bunduki ikifunguka usoni mwako, mwizi atakusubiri upone?" Bi Mtutu alimuuliza, akaondoka zake.

Lakini Kamanda alikuwa kero ya kazini, na kero ya kazini unaiacha kazini. Kero aliyoibeba mpaka nyumbani ilikuwa mkwewe.

Huyo mkwe alimwoa binti yake wa pekee, na mpaka leo Bi Mtutu hakuelewa aliwahi vipi, maana mtu mwenyewe hawahi kitu. Walinzi wenzake walimwita Taratibu. Ukimuuliza saa ngapi, anaitazama saa, anatazama jua, anaitazama saa tena. Karakana alimokuwa akifanya kazi ilipofungwa, binti alimlilia mama yake hadi Bi Mtutu akaenda kumwombea nafasi kwenye kampuni. "Nimemwingiza mimi," alimwambia binti, "na akiniaibisha, nitamtoa mimi." Binti alikuwa na mimba ya miezi saba, na ile kazi ndiyo iliyokuwa ikiwaweka mjini.

Siku alipokuja kuposa, Taratibu alileta zawadi: mashuka mawili meupe yenye maua ya zambarau. Bi Mtutu alibetua midomo. Wiki mbili baadaye mkwe alipouliza kama yamempendeza, akajibiwa kwamba ni madogo, hayatoshi kitanda. Shuka moja Bi Mtutu akalipeleka ghalani, akalikata likiwa limekunjwa vilevile, likawa vipande vya kusafishia bunduki. Pamba yake ilikuwa nzuri, hilo alikiri.

Sasa kulikuwa na jaribio. Kila mlinzi mpya alitakiwa kukunja bunduki, kutia risasi, kufunga, kupiga shabaha na kuifungua tena, yote kwa sekunde ishirini. Taratibu alikuwa amefeli mara mbili, na si kwa shabaha. Shabaha alipiga katikati. Alifeli kwa saa. Ya tatu ndiyo ya mwisho, na karatasi ya kumfukuza ilihitaji sahihi mbili, ya Kamanda na ya mtunza ghala. Bi Mtutu alikuwa ameshaandaa kalamu.

Alasiri ya siku moja kabla, alikuwa mezani akisafisha. Alisafisha kama alivyosafisha siku zote, kutokea nyuma kwenda mdomoni, ili uchafu utoke nje usirudi kwenye mashine. Kwanza ufito wenye brashi, kisha ufito huohuo wenye kitambaa chenye mafuta kidogo, kisha kikavu. Ufito ukiwa ndani ya namba saba, simu ikalia. Alikuwa binti.

"Mama, kesho msaidie mume wangu."

"Nimsaidie na nini? Nimsukume?"

"Mama, tafadhali."

"Mwanamume anachungulia mtutu mara tatu utadhani anatunga uzi kwenye sindano. Watu wamemaliza kupiga, yeye bado anachungulia."

"Si wewe uliyemfundisha kuchungulia?"

"Nilimfundisha kuchungulia. Sikumfundisha kuhamia humo."

Hapo alifunguka. Alimpa binti vidonge vyake kwa nusu saa nzima: mkwe goigoi, mkwe hana mbele wala nyuma, mashuka yenyewe hayamfuniki mtoto. Binti akakata simu. Bi Mtutu, bado akisonya, alivuta ufito, akautundika, akatia tone la grisi kwenye bawaba, akapangusa mbao, akairudisha namba saba kabatini. Hakuangalia kama ufito umetoka na kitambaa chake.

Asubuhi Kamanda alisimama mlangoni mwa ghala akipiga makofi kama anafukuza kuku. Toa, toa, twende, jua linapanda. Bi Mtutu alitoa bunduki moja moja, akikunja, akitia kidole, akichungulia, na Kamanda akimwimbia sikioni. Ilipofika namba saba, aliikunja, akatia kidole, hamna risasi. Akainua macho, na aliyesimama mbele yake alikuwa mkwewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu, akamtazama kuanzia kofia hadi viatu. Kamba ya kiatu kimoja ilikuwa imelegea. Alimtazama kwa dharau kamili, isiyobakiza, na dharau ya namna hiyo inakula muda. Alipomaliza kumtazama, akampa bunduki. Aliangalia kamba ya kiatu, mtutu hakuuangalia.

Uwanja wa shabaha ulikuwa nyuma ya gereji: meza ya mbao, mstari wa chokaa, na tuta la udongo la kupokea risasi. Walinzi watano walipiga na kutoka, wakifunga kwa mkono mmoja, Kamanda akitabasamu. Kisha filimbi ikalia, zamu ya Taratibu.

Aliikunja bunduki. Akainua mtutu kwenye jua, akachungulia. Akaushusha, akapangusa jicho, akachungulia tena.

"Sekunde tisa," Kamanda alisema. Wenzake walianza kucheka.

Taratibu aliiweka bunduki mezani ikiwa imekunjwa, mtutu ukitazama tutani, akainua mkono juu. Ni ishara ya kusimamisha kila kitu, na hakuna aliyewahi kuitumia pale.

Bi Mtutu hakuweza kuvumilia. "Bunduki hiyo nimeisafisha kwa mikono yangu hii," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Tia risasi, ufunge, upige. Usituchoshe."

"Mama, sioni mwanga."

"Huoni kwa sababu umezoea kufumba macho."

"Njoo uangalie, mama."

Alikwenda kwa hatua za kishari, akainyanyua, akaelekeza mtutu juani. Ndani kulikuwa giza tupu.

Taratibu alichukua ufito uliokuwa mezani, akausukuma polepole kutokea nyuma. Kitu kikagoma, kisha kikasogea, kikaangukia chokaani. Aliinama akakiokota. Alikitazama kwa muda wake, kama anavyotazama kila kitu, na Bi Mtutu akaona kati ya vidole vyake ua la zambarau lililolowa mafuta. Mkwe naye aliliona. Akafumba mkono.

"Ni nini hicho?" Kamanda aliuliza.

"Takataka tu, mkuu. Imeshatoka."

Bi Mtutu aliirudisha bunduki mezani. Aliwaza wale watano waliofunga bila kuangalia. Kama namba saba angepewa mmoja wao. Kama huyu mkwe, leo tu, angeamua kuwa mwepesi kama alivyotakiwa awe. Aliwaza simu ambayo ingebidi ampigie binti, na maneno ambayo angeanza nayo, akakosa hata moja.

"Sekunde ishirini zimekwisha zamani," Kamanda alisema, akasukuma karatasi mezani. "Mara ya tatu. Mimi nimeshatia sahihi. Mama, malizia."

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Bi Mtutu. Angeandika jina lake tu, na hilo ua lingebaki ndani ya ngumi ya mtu ambaye hata kusema hasemi.

"Fungua mkono, baba," alimwambia mkwewe. Hakuwahi kumwita hivyo.

Taratibu alisita.

"Fungua, waone."

Alifungua. "Kitambaa ni changu," Bi Mtutu alisema. "Nilikisahau ndani jana, na leo nikaitoa bunduki bila kuchungulia. Ninyi wote mngeifunga kwa mbwembwe na sasa tungekuwa na ufagio hapa. Huyu ndiye peke yake aliyefanya kazi leo." Akaigeuza karatasi, akaandika nyuma yake hayo hayo, kwa herufi kubwa, akatia sahihi chini yake.

Kamanda alisoma, akakohoa. "Unajua hii inamaanisha unakabidhi funguo."

"Najua kusoma nilichoandika." Akampa namba nane mkwewe, na mkwe akaikunja, akatia kidole, akachungulia, akachungulia tena. Hakuna aliyecheka. Bi Mtutu alisimama akasubiri. Shabaha ilitoboka katikati. Hapo ndipo alipovua funguo shingoni, pete moja kisha nyingine, akaziweka mezani mbele ya Kamanda, kila pete mbali na mwenzake. "Zinatunzwa kwa mikono miwili," alimwambia.

Njiani kwenda langoni, mkwe alimfuata nyuma, kitambaa bado mkononi.

"Mama, si ulisema yalikuwa madogo kwa kitanda?"

Angeweza kumjibu kwa namna nyingi. "Sikuyakunjua," alisema. "Nilikwambia ni madogo, na hata sikuyakunjua."

Taratibu alilifikiria jibu hilo hatua kadhaa. "Basi sawa, mama," alisema, akampa kitambaa, akarudi kazini.

Mchana huo, asiye na funguo wala pa kwenda, Bi Mtutu alitoa shuka lililobaki chini ya sanduku la nguo, akalitandika. Lilifunika kitanda chote, likashuka pande zote mbili hadi sakafuni, na likabaki la kuchomekea.