Muhuri wa Kijiji Uko Melini

Antipasi alipochaguliwa kwenda Ulaya pamoja na viongozi wenzake wa ushirika, alifunga sanduku siku tatu kabla ya safari. Akalifungua, akalifunga tena, na kila alipolifungua alihakikisha kwanza kwamba wapo watu wa kumwona. Mashati mawili ya kitenge, viatu vya kuazima, kitana, na juu ya vyote akaweka muhuri wa kijiji pamoja na kikopo chake cha wino.

Mkewe, Theodora, akamwuliza muhuri unakwenda kufanya nini Ulaya.

"Mwenyekiti hatembei bila muhuri," akajibu. "Nikiulizwa mimi ni nani, nitaonyesha nini?"

Theodora alitaka kumwambia kwamba mtu akiulizwa yeye ni nani hutaja jina lake, lakini gari la wilaya lilishapiga honi nje. Antipasi akapanda huku akipunga mkono kwa watu ambao hawakuwa wakimpungia. Na hivyo ndivyo muhuri wa kijiji cha Mapambano ulivyoondoka Singida kwenda kuona dunia.

Nchi iliyowaalika ilikuwa nchi rafiki, na ilikuwa na mipango yake. Kwanza wiki mbili za masomo ya ushirika darasani, halafu miezi miwili kwenye meli ya mapumziko, ikizunguka bandari hii na ile. Mapumziko ya kupumzikia nini, Theodora hakuelewa. Katika miaka kumi na minne ya ndoa hakuwahi kumwona mtu yule amechoka. Jembe lake lilikuwa bado na mpini ule ule wa mwaka walipooana, na mpini wa jembe la Theodora ulishabadilishwa mara tano.

Mwaka ule mvua ilikataa. Watu walikuwa wamehamia kijijini msimu uliotangulia, wakaacha mashamba ya zamani yenye samadi ya miaka mingi, wakapewa viwanja vilivyopimwa kwa kamba na ardhi nyekundu isiyojua mbolea. Uwele ulichipua, ukafika magotini, ukakauka. Kufikia Novemba watu walikuwa wanakula mlenda mtupu, bila ugali wa kuusindikiza, na walioishiwa hata mlenda walikuwa wanachimba mizizi.

Serikali ikaleta mahindi ya njano ya msaada, yale ambayo watu waliyaita yanga. Yakapangwa ghalani Ikungi. Kila kijiji kilitakiwa kupeleka orodha ya kaya zake, na chini ya orodha sahihi ya mwenyekiti na muhuri. Philipo, katibu wa kijiji, mtu mpole na mwaminifu kupita kiasi, aliandika orodha usiku kucha kwa mwandiko mzuri, akaenda nayo kwa miguu. Mtunza ghala akaitazama, akaigeuza upande wa pili, akauliza muhuri uko wapi.

"Uko melini," Philipo akasema.

Mtunza ghala akamwambia aurudishe kutoka huko melini kwanza. Akamkumbusha pia kwamba kijiji hakiwezi kuchongesha muhuri wa pili wakati wa kwanza uko mikononi mwa mwenyekiti, maana huko ni kughushi, na kwa kughushi watu hufungwa. Philipo akarudi na orodha yake. Aliikunja vizuri isichafuke, kana kwamba tatizo lilikuwa usafi.

Ndipo kadi zikaanza kufika. Zilikuja kwa sanduku la posta la misheni, Philipo akizichukua kila siku ya mnada, na kwa kuwa kadi haina bahasha, zilisomwa na kila mwenye macho kabla hazijamfikia aliyeandikiwa. Ya kwanza ilikuwa na picha ya meli nyeupe. Nyuma yake Antipasi alikuwa ameandika hivi: "Mke wangu. Meli hii ina ghorofa saba na ndani yake kuna bwawa la kuogelea. Jana nilikaa meza moja na nahodha. Tunakula mara nne kwa siku. Waambie wanakijiji waongeze juhudi. Ni mimi, Antipasi, Mwenyekiti." Na chini ya jina, kwa wino wa bluu, muhuri wa kijiji, umepigwa ukakolea, duara zima bila kukatika.

Theodora aliutazama muhuri ule. Kaya mia moja na ishirini hazili kwa sababu ya duara lile, na mtu mzima mwenye ndevu amekaa juu ya maji anapamba nalo salamu.

Philipo alijaribu, maskini. Aliipeleka kadi Ikungi akaionyesha, kwamba muhuri ndio huu. Mtunza ghala akamwambia huu umepigwa nyuma ya picha ya meli, yeye anataka uliopigwa kwenye orodha.

Jioni Theodora aliwasomea kadi watu wa nyumbani. Alikuwa amejua kusoma mwaka uliopita tu, katika kisomo cha watu wazima, na mama mkwe wake, Bibi Marietha, hakujua kabisa. Bibi kizee alikaa karibu na mafiga yasiyo na chungu, akasikiliza habari za bwawa na za nahodha mpaka mwisho.

"Na mimi anasemaje?" akauliza.

Theodora akaitazama kadi. Halafu akamtazama mama yule, shingo yake imebaki mishipa, mikono imelala mapajani. Maneno yakamtoka kabla hajayafikiria.

"Anasema, msalimie mama. Mwambie namkumbuka sana."

Bibi Marietha akatabasamu, akaenda kulala na njaa yake bila kulalamika. Basi ikawa hivyo kwa kila kadi. Antipasi aliandika habari za matufaha na jibini, za muziki wa jioni, za mwanamke wa Kizungu aliyemfundisha kucheza karata, na mkewe aliongeza mwenyewe pale mwisho. Anauliza mgongo wa mama unaendeleaje. Anasema atamletea mama blanketi zito. Uongo huo ulimchoma Theodora, lakini aliona mama yule ameshanyimwa chakula, na kumnyima salamu pia ni kumwonea.

Hakujua uongo wake unafanya kazi gani huko nje. Watu walipoanza kunung'unika kisimani kwamba mwenyekiti aondolewe, Bibi Marietha aliwakaripia wote. Mwanangu ananikumbuka, aliwaambia, mtu anayemkumbuka mama yake hawezi kusahau kijiji. Hata waliokwisha kuzisoma kadi waliona haya kumwambia kwamba hakutajwa. Na katibu kata alikwisha kusema wazi: mtu aliye safarini kwa kazi ya taifa hawezi kuondolewa mpaka malalamiko yatoke kwa watu wa nyumbani kwake. Wanaume wakanyamaza, wakiogopa Antipasi atarudi na ataambiwa nani alisema nini. Mke naye angesimama kumsema mumewe mkutanoni, ukoo mzima ungesema ana bwana mwingine. Akabaki mama. Na mama alikuwa analishwa salamu na Theodora mwenyewe.

Aliligundua hilo siku Philipo alipomsimulia ya kisimani. Akajichukia jioni nzima.

Hata hivyo alijaribu njia ya heshima kwanza. Akamwandikia mumewe barua kwa anwani aliyoiacha, akamweleza yote. Mzee Alute tumemzika. Felista wetu ameanguka mstarini shuleni kwa njaa. Tuma muhuri, au tuma barua yenye ruhusa tuchongeshe mwingine. Akasubiri wiki tano.

Jibu lilikuwa kadi, yenye picha ya chumba cha kulia chakula. Philipo aliileta mwenyewe hadi mlangoni, akampa, akaondoka haraka bila kumtazama usoni. Bibi Marietha alikuwa amekaa ndani.

"Imekuja?" akauliza. "Soma, mama Felista."

Safari hii Theodora alisoma yaliyoandikwa, yote, polepole, bila kuruka. "Mke wangu. Nimepata barua yako. Muhuri ni chombo cha serikali, hauwezi kutupwa kwenye posta kama gazeti. Wala sitoi ruhusa ya kuchongesha mwingine, kwa kuwa mwenyekiti ni mmoja. Subirini nirudi. Safari imeongezwa wiki tatu. Hapa kuna samaki wa aina sita na nimenenepa, suruali hazifungi. Ni mimi, Antipasi, Mwenyekiti."

Akaiweka kadi mapajani.

"Na mimi?" Bibi Marietha akasema.

"Hakukutaja, mama."

"Amesahau leo."

Theodora akapiga magoti mbele yake, kama anayeamkia. "Mama, nisamehe. Hajawahi kukutaja. Salamu zile nilikuwa naziweka mimi. Na blanketi nililitunga mimi. Kwenye kadi zote saba jina lako halimo, wala neno mama halimo."

Bibi kizee alinyoosha mkono, akaomba kadi zote. Akazipokea, akazipitishia kidole moja moja kwenye maandishi asiyoyajua, kama anayetafuta chawa kwenye nguo. Alipomaliza akazirudisha. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu, mkutano wa kijiji ni lini.

Siku ya mkutano katibu kata alikuja na baiskeli yake, akasoma hotuba ndefu juu ya uvumilivu. Watu walikaa chini wakimsikiliza kwa sababu kusimama kulikuwa kunawachosha. Alipouliza kama kuna mwenye neno, Bibi Marietha aliinuka, akishikwa mkono na Theodora, akaenda mpaka mbele.

"Mimi ni mama yake mwenyekiti," akasema. "Nimekuja kumtoa."

Katibu kata akacheka kidogo, cheko la wakubwa wanaposemeshwa na wazee wasiosoma. "Shikamoo, bibi. Unajua unamtoa mtoto wako mwenyewe?"

"Marahaba. Mtoto wangu yuko melini, ameshiba, hana shida na mimi. Hapa namtoa mwenyekiti. Ulisema malalamiko yatoke nyumbani kwake. Nyumbani kwake ni hapa kifuani kwangu, alinyonya hapa. Sasa andika."

Hakuna aliyecheka. Katibu kata akatafuta kalamu mifukoni, akaipata sikioni kwake. Mikono iliponyooshwa, ilinyooshwa yote, hata ya wale waliokuwa wakimsujudia Antipasi mpaka vumbi la viatu vyake, na Theodora aliwadharau hao kuliko wengine wote. Philipo akachaguliwa kukaimu, na kwa kuwa aliyeshika muhuri hakuwa tena mwenyekiti, orodha yake ikapigwa muhuri wa kata pale pale mezani.

Alhamisi lori likaleta magunia. Watu wakasaga, wakapika, moshi ukaonekana juu ya nyumba zote kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Bibi Marietha alikula ugali wa njano taratibu, akapumzika, akala tena. Alipomaliza kunawa akamwambia Theodora achukue karatasi, amwandikie yule wa melini.

"Nimwambie nini, mama?"

"Mwambie tumekula."

Theodora akangoja. "Hayo tu?"

"Hayo tu."

Akaandika hivyo hivyo, akaikunja karatasi, akatia ndani ya bahasha.