Kisahani Kisichoota Kitu

Miaka kumi na tisa nimepika uji wa kulishia bakteria kwenye maabara ile ya chuo kikuu, na wote, mpaka Profesa, wananiita Shangazi. Sisifii watu ovyo mimi. Wanafunzi wa uhandisi wa viumbe wanaingia wamevimba vichwa, mwezi wa pili tu wanalia chooni. Lakini Miwani, yule binti wa vioo vizito, huyo nilimvulia kofia.

Alikuwa anatengeneza bakteria wa kugeuka wekundu wakikutana na madini ya risasi kwenye maji. Ijumaa angesimama mbele ya jopo. Asipowaonyesha bakteria wenye jeni aliyowapandikiza, nafasi yake ya uzamivu inakwenda kwa mwingine.

Uji wangu nauchanganya na dawa ya kuua bakteria, namimina kwenye visahani, unaganda. Bakteria aliyepokea jeni anaistahimili dawa, anaota kidoa. Asiyepokea anakufa. Na kila mara Miwani alitenga kisahani kimoja cha bakteria wasio na jeni, ambacho hakitakiwi kuota kitu.

"Unanimalizia uji wangu bure," nilimtania. Akacheka tu.

Jumanne asubuhi tukakuta visahani vimejaa vidoa. Wenzake wakapiga vigelegele, wakambeba juu juu.

"Nishusheni kwanza," akasema, akafunua kile cha pembeni. Nacho kimejaa pomoni! "Dawa haikufanya kazi. Hatuna kitu hapa."

Akavitupa vyote ishirini. Lo! Mimi ningekificha kile kimoja, sherehe ikaendelea. Nani angejua?

Halafu nikakumbuka. Jumatatu nilikuwa na haraka, fundi bomba ananisubiri nyumbani, nikatia dawa uji ukiwa bado unafuka mvuke. Joto linaiharibu dawa. Jambo ninalomfundisha kila mgeni!

Profesa akaja amekunja uso. "Nani kapika hivi?"

"Tumepika sisi," Miwani akawahi kujibu.

"Basi agiza vya dukani, vilivyo tayari."

"Sisi gani?" nikasema. "Ni mimi, Profesa. Nilitia dawa uji ukiwa moto." Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Miwani akanigeukia. "Vya dukani sitaki. Shangazi, pika tena."

Jamani! Nikapika. Safari hii niliegemeza chupa kwenye kiwiko cha mkono kama maziwa ya mtoto, nikangoja mpaka isiniunguze, ndipo nikatia dawa.

Ijumaa alikuwa na vidoa vitatu tu, ila vilipodondoshewa maji yenye risasi vikawa vyekundu kwelikweli. Mimi nimebana mlangoni, nachungulia.

"Vitatu?" mzee mmoja wa jopo akauliza. "Wenzako wanatuletea mamia."

Miwani akamsogezea kile kisahani cha pembeni, cha wasio na jeni. "Naomba uangalie hiki kwanza."

Mzee akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza, akasoma mfuniko. "Hakuna kitu humu."

"Ndiyo, mzee. Kwa hiyo vile vitatu ni vya kweli."

Mzee akakubali kwa kichwa, akatabasamu, akawapitishia wenzake kile kisahani. Nafasi wakampa.

Alipotoka akanionyesha kile kisahani kitupu. Mfunikoni alikuwa ameandika tangu Jumanne, na jopo zima lilikuwa limesoma: "Kimepikwa na Shangazi."

Nikaenda chooni kulia.