Nishani ya Mzee Lassen

Mkono mbovu kwanza. Piedade aliupitisha mkono wa kushoto wa Mzee Lassen kwenye shati jeupe, polepole, kisha akalizungusha shati mgongoni na kuutafuta mkono wa kulia. Ngozi ya mzee ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu; ukiivuta kwa pupa inachanika. Leo alikuwa anatimiza miaka mia moja. Chini, kwenye ukumbi wa nyumba ya wazee, maputo yalikuwa yameshafungwa na keki imeshafika.

"Pia, kola uiache wazi kidogo," sauti ikasema kutoka mlangoni.

Alikuwa Bernard, mtoto wa mzee, mstaafu mwenye mvi zake, ameingia bila kubisha hodi, theluji bado inayeyuka mabegani mwa koti. Tangu siku ya kwanza alimwita Pia. Siku ya kwanza Piedade alimsahihisha, siku ya pili akamsahihisha tena, kisha akaacha.

Bernard alitoa mfukoni kikasha cha buluu, akakifungua kama mtu anayefungua pete ya uchumba. Ndani mlikuwa na beji ya chuma, pana kama mdomo wa kikombe: duara la majani, tai juu yake, na katikati boti ndogo ndefu inayopasua mawimbi, pua imetokeza nje ya duara kana kwamba inakimbia kutoka humo. Chini ya makucha ya tai palikuwa pamekwanguliwa kwa tupa mpaka pakawa laini. Hakuhitaji kuuliza palikuwa na alama gani: ule msalaba wa ncha zilizopinda.

"Mbandikie hii. Hapa, upande wa moyo."

"Ni nini?"

Bernard alifurahi kuulizwa. "Nishani ya mabaharia wa boti za kasi. Watu wa ofisini hawakuipata hii. Boti ndogo, injini kubwa. Wanajificha gizani, injini zimezimwa, meli ya adui ikipita wanaipiga kombora ubavuni, kisha wanapotea. Ukienda mara nyingi ukarudi hai, ndipo unabandikwa. Baba alikuwa kijana wa miaka kumi na minane!"

"Bahari gani?"

"Mediterania. Pwani ya Aljeria, hasa." Akashusha sauti. "Najua watu wanafikiria nini wakisikia Mjerumani wa vita ile. Lakini baba hakumgusa mtu. Alizamisha meli tu."

Vidole vya Piedade vilisimama kwenye kifungo.

Meli tu.

Babu yake, baba wa mama yake, alikuwa mpishi wa meli. Mgoa wa Mombasa, kama Wagoa wengi wa wakati ule waliowapikia na kuwaandalia meza Waingereza baharini. Vita ilipokuja meli yao ya mizigo ilipelekwa kaskazini, na mwaka 1943 ikazama usiku nje ya pwani ya Aljeria. Habari ililetwa nyumbani na karani wa kampuni aliyekuja kwa baiskeli. Hakushuka. Aliegemeza mguu mmoja kwenye kizingiti cha geti, akasema alichotumwa kusema, akakanyaga pedali akaenda zake. Mama yake Piedade alikuwa na miaka minne, ameshika sketi ya mama yake, na kitu anachokikumbuka mpaka leo ni ule mguu wa pili, uliobaki kwenye pedali. Hakuna kaburi. Hakuna beji. Kila Novemba, kwanza Mombasa, sasa Malvern huku ugenini, mama huenda parokiani kuomba misa ya baba asiyemkumbuka uso.

"Babu yangu alikuwa mpishi kwenye meli," Piedade alisema. "Ilizamishwa huko huko. Na boti za namna hiyo hiyo."

Bernard alipepesa macho. "Pole sana. Lakini walikuwepo wengi mno. Haiwezekani ikawa ni baba."

"Sikusema ni baba yako."

"Basi hakuna tatizo."

Piedade alifunga kifungo kilichobaki, akainyoosha kola, akakichukua kikasha mkononi mwa Bernard, akakiweka kitandani. "Mbandike mwenyewe."

Bernard aligeuka mwekundu masikio. Alitoka, na Piedade akajua anakwenda kwa nani.

Anastasia hakuchelewa. Alikuwa msimamizi wa zamu, mwanamke wa Moshi, mnene, mwepesi wa miguu, mtu wa kucheka. Lakini sasa hakuwa anacheka. Alimvuta Piedade koridoni, akamwita kwa jina la mwanawe kama kawaida.

"Mama Jude, leo usiniharibie siku. Nina watu arobaini ukumbini. Ni pini tu."

"Si pini."

"Ni pini! Unaichoma kwenye shati, unashuka naye, tunaimba, tunakula keki, kwisha."

"Amesema hakumgusa mtu. Amesema alizamisha meli tu. Anastasia, meli inajiendesha yenyewe? Inajipikia?"

Anastasia alitazama huku na huku, kisha akamsogelea. "Nisikilize. Babu wa babu yangu Wajerumani walimnyonga kwenye mti, pale pale Moshi, watu wakiitwa waje waangalie. Nikianza kukumbuka nani alimfanya nani nini, hapa nitamwogesha nani? Niambie. Mjerumani? Mwingereza? Yule Mbelgiji wa ghorofa ya juu? Ningekuwa nimeshakufa kwa hasira, watoto wangu wamebaki yatima."

"Wewe unaweza. Mimi leo siwezi."

"Basi nitaandika kwamba umekataa kazi. Na huyu mzee nitampa mtu mwingine." Akashusha pumzi. "Usinilazimishe, dada yangu. Nakuomba."

Akaenda. Piedade alirudi chumbani, akafunga mlango. Mzee Lassen aliketi kwenye kiti chake cha magurudumu, amechanwa nywele, amenyolewa ndevu na mikono ya Piedade mwenyewe, anaangalia theluji dirishani. Siku nyingine alipita mchana mzima bila neno. Siku nyingine Kiingereza kilimrudia, safi, kama redio iliyopata stesheni.

Aliichukua nishani, akachuchumaa mbele yake, akaishika usawa wa macho yake.

"Unaijua hii?"

Mzee aliitazama. Macho ya rangi ya maji ya baridi yalitulia. "Boti yangu," alisema.

"Meli ilipozama, watu walikuwa wapi?"

Alifikiri. Hakuonekana kuumizwa na swali. "Majini."

"Mliwaona?"

"Giza. Tuliwasikia. Tulikuwa tumezima injini, kwa hiyo tuliwasikia vizuri. Walikuwa wanaita."

"Mkafanya nini?"

"Tukawasha injini," mzee alisema, kwa sauti ile ile aliyoitumia kusema chai imepoa.

Alimngojea. Alingoja alie, au ageuze uso, au aseme ni amri, tulikuwa wadogo, hapakuwa na nafasi, chochote. Kama angesema kitu kimoja tu, Piedade labda angeipokea pini ile na kuichoma. Mzee badala yake alinyoosha mkono wake mzima, ule unaotetemeka, kuelekea kwenye chuma.

"Yangu," alisema. "Nipe. Ni yangu."

Piedade aliinuka haraka mpaka magoti yakalia. Alitaka kukitupa kile kitu dirishani. Alitaka kukipiga chini, kukikanyaga kwa viatu vyake vya kazi. Akakitia mfukoni mwa sare, akalegeza breki za kiti, akamsukuma mzee hadi kwenye lifti, na njia nzima mzee hakuacha: yangu, yangu, yangu.

Ukumbini walipiga makofi. Wageni walikuwa na glasi mkononi. Wazee wengine wamepangwa kwenye viti vyao kandokando ya ukuta, kofia za karatasi kichwani. Bernard alikuja mbio mbio, tabasamu limewekwa tayari kwa picha, kisha akaona kifua cha baba yake kitupu.

"Iko wapi?"

Piedade aliitoa mfukoni, akamwekea kiganjani. Angeweza kuishia hapo. Anastasia, karibu na keki, alikuwa anamtikisia kichwa: usithubutu.

"Mimi naitwa Piedade," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka, hata makofi yakakatika. "Pi-e-da-de. Babu yangu aliitwa Caetano Salvador Rebelo. Alikuwa mpishi wa meli. Alikufa majini nje ya Aljeria, meli yao ilipopigwa na boti kama hiyo iliyochorwa hapo. Sijui kama ni ya baba yako. Sitajua kamwe, wala wewe hutajua. Lakini usiniambie ilikuwa meli tu. Baba yako ameniambia sasa hivi waliwasikia watu wakiita. Wakawasha injini. Hiyo ndiyo kazi mliyotaka niibandike kwa mikono hii inayomwosha."

Bibi mmoja ukutani aliivua kofia yake ya karatasi, bila haraka, akaiweka mapajani.

Bernard alikuwa amepauka uso. Aliinama kwenye kiti. "Papa? Ni kweli?"

Mzee Lassen hakumtazama. Alikuwa ameona chuma kiganjani mwake. "Yangu," alisema, na kunyoosha mkono, na Bernard akabaki ameinama hivyo, pini imeshafunguliwa, hajui aipeleke mbele au airudishe nyuma.

Anastasia alimshika Piedade kiwiko, akamtoa nje mpaka kwenye makabati ya wafanyakazi. Mkono wake haukuwa na ukali.

"Nenda nyumbani," alisema. "Ripoti lazima niiandike. Kesho usije mpaka nikupigie." Alisimama kidogo, akifikicha paji la uso. "Caetano nani?"

"Rebelo."

Anastasia aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye keki yake.

Ndani ya basi la Malvern Piedade hakukaa ingawa viti vilikuwa vitupu. Hasira ilikuwa bado haijaisha. Ilimsimamisha wima kama mtu aliyemeza fimbo. Alikuwa amedhani akisema atapoa. Hakupoa. Alifikiria kazi. Alifikiria watamwita Jumatatu, kisha akafikiria ule mkono ulionyooshwa, na hasira ikaanza upya toka mwanzo.

Mama yake alikuwa sebuleni, blanketi miguuni, televisheni inaongea peke yake.

"Mbona mapema? Unaumwa?"

"Hapana, Mai." Alisimama na koti lake. "Leo nimemtaja baba yako. Mbele ya watu."

Mama aliitafuta rimoti kwenye mikunjo ya blanketi, akaizima televisheni. "Watu gani?"

"Wazungu. Ukumbi mzima."

"Umemtaja jina lote?"

"Jina lote."

"Wakasemaje?"

"Hawakusema kitu, Mai. Walinyamaza."

Mama aliisogeza miguu, akaketi wima, mikono miwili juu ya magoti, kama anavyokaa kanisani. Akamwonyesha kwa kidevu nafasi tupu katikati ya zulia.

"Vua koti," alisema. "Simama pale. Sema kama ulivyosema."