Mfuko wa Jezi za Sulay

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na sita Novemba 2017, saa tisa alasiri, mbele ya ghala la matairi pale Sulay, Riyadh. Koasta, basi dogo la timu, ilikuwa inanguruma. Alfayo alifika akiburuta mguu, mfuko wa jezi begani, akakuta kiti chake kina mtu.

Aliyekikalia alikuwa Zablon, wakala wa kuleta watu Saudia. Ndiye aliyemleta Metrine, mke wa Alfayo, kufanya kazi za ndani Jeddah. Metrine alifia huko, akazikwa hukohuko, na Alfayo akapewa habari kwa simu wiki mbili baadaye, kama mtu anayeambiwa bei ya nyanya. Mwaka mmoja na miezi minne kafili wake, mwajiri anayeshika vibali vyake, alikataa kumwachia atoke Riyadh. Safari hii tu, kwa sababu ya fainali ya timu za wafanyakazi huko Jeddah, alimwandikia barua ya ruhusa ya siku nne. Alfayo akaitia kidole gumba, maana yeye na kalamu hawakuwahi kupatana. Alitaka kuliona kaburi. Basi.

"Mzee, utatuombea ukiwa hapa," alisema Norman, mwenyekiti wa timu. "Zablon ametununulia mipira. Mdhamini hawezi kuachwa."

"Na mimi nimewafanyia nini, mwenyekiti?"

"Wewe ni wa nyumbani. Wa nyumbani huelewa."

Wa nyumbani! Hilo ndilo neno la wakubwa wakitaka kukupora huku unacheka.

Alfayo aliichezea timu hiyo beki ya kushoto tangu 2011, ilipoanzishwa na Mskoti mmoja, fundi mitambo wa maghala, mzee wa shingo nyekundu. Huyo alisema kwao aliichezea timu moja tu maisha yake yote, na magoti yalipomkataa akabaki kuikatia nyasi na kuifulia soksi. Watu walimcheka. Alfayo hakucheka. Timu ya mtaa wa Malaz ilipomjia na daluga mpya mkononi, aliwaambia kwa Kiarabu mafi, halas: hakuna, basi. Goti lake lilipovunjika 2014, wakasema amekwisha. Lakini ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Alfayo alirejea na sabuni. Mskoti alikuwa ameshaenda kwao, jina lake la Mskoti likamwangukia Alfayo.

Kila wiki alizifua jezi kwenye ndoo, akazianika juu ya matairi, zikanuka mpira. Akailinda na desturi ya yule mzee: hakuna mchezaji anayejichotea jezi. Aliyefua ndiye anayekabidhi, nawe unapokea kwa mikono miwili.

"Lete mfuko, tumechelewa," Norman alisema.

Alfayo akaushusha chini, akaukalia.

"Mskoti, wacha utoto."

"Mtoto ni yule anayefuliwa nguo. Nani hapa sijamfulia? Basi tulieni, baba yenu anaongea."

Ndani ya koasta watu wakaangua kicheko. Kevin, kapteni, akatoa kichwa dirishani. "Mwenyekiti, tutacheza fainali vifua wazi kama tunakwenda kuoga mtoni? Mimi jezi ya mkono mwingine sipokei. Tukifungwa matano utasema ni refa."

Akashuka. Wakashuka na wengine, mmoja mmoja, mpaka wakabaki dereva na Zablon.

"Yalla, yalla!" dereva akapiga honi.

"Haya, apande," Norman akasema kwa hasira. "Lakini kiti sina."

"Sikuomba kiti. Niliomba Jeddah."

Akakaa juu ya kreti la maji, katikati ya njia, uso wake ukitazamana na Zablon kilomita mia tisa na ushee. Zablon akajifanya amelala. Aliyelala kweli kwenye gari huachama mdomo, Zablon aliubana.

Ijumaa walishinda mawili kwa moja. Jezi zilitoka mkono kwa mkono, na baada ya mechi Alfayo akazikusanya zote na jasho lake, asiache hata moja. Jumamosi asubuhi Norman akaamuru waanze safari ya kurudi. Kevin akasimama mlangoni. "Gari hili haliendi Riyadh kabla halijapita makaburini."

"Nina mkutano," Zablon akasema.

"Mkutano ni huko, bosi. Wewe si ndiye mwenyeji wa Jeddah?"

Mlinzi wa makaburi ya wasio Waislamu, Mwethiopia mpole, akawaonyesha kibao cha saruji chenye namba, jina hakuna. Alfayo akapiga goti lake zima, lile bovu akalinyoosha kando. Akauweka mfuko wa jezi juu ya mchanga. Hakulia. Machozi yake yalikuwa yameshaishia Sulay.

Kisha mlinzi akaleta faili, akasoma polepole kwa Kiarabu cha kuungaunga, kidole kikifuata mstari. Jina, Metrine. Tarehe. Na chini kabisa: mume ameridhia mkewe azikwe Jeddah. Pembeni pana sahihi ndefu ya wino wa buluu, imepindwapindwa kwa madaha kama ya meneja wa benki.

Alfayo akaitazama sana. Akainuka. Timu nzima ilikuwa nyuma yake, na Zablon katikati yao, hana pa kupenya. Akamnyooshea kidole gumba, kile kinene, cheusi kwa matairi, mpaka karibu na pua.

"Mume ni mimi, na kalamu yangu ndiyo hii. Sasa nieleze, Zablon, mbele ya huyu mama hapa chini: ile sahihi ni ya nani?"